Fort Jesus au Makumbusho ya Taifa Nairobi: mtu wa Mombasa aanzie wapi?

Likizo ya shule ikikaribia, swali huwa lile lile majumbani na katika ofisi za walimu: watoto waende Fort Jesus, ambayo wengi wao hupita kando ya kuta zake bila kuingia, au pesa zichangwe wapande treni hadi Makumbusho ya Taifa ya Nairobi? Kwa kuwa zote mbili zinasimamiwa na taasisi moja ya serikali na zote huitwa makumbusho, watu hudhani tofauti yao ni ukubwa na umbali tu. Ukichagua kwa kipimo hicho utapoteza pesa, au utapoteza siku.

Jiulize kwanza huyo unayempeleka anataka kujua nini. Fort Jesus kinachotazamwa ni jumba lenyewe: kuta, matundu ya mizinga, mlango, njia zilizochimbwa ndani ya mwamba. Vitu vilivyowekwa kabatini vipo ili kulieleza jumba hilo na bahari iliyo mbele yake. Nairobi utajiri wote umo vyumbani, kuanzia ndege waliokaushwa hadi mifupa ya mtoto aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Anayetaka historia ya Pwani akipelekwa Nairobi ataambulia kona chache. Mwanafunzi wa sayansi akipelekwa Fort Jesus hatapata ukumbi wa wanyama, wa ndege, wala wa asili ya binadamu, hata akizunguka siku nzima.

Utakachokiona Fort Jesus

Ngome ilijengwa kati ya 1593 na 1596 kwa amri ya Mfalme Philip wa Pili, aliyetawala Hispania na Ureno kwa pamoja. Aliyeichora alikuwa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Ilikuwa gereza la Waingereza tangu 1895 hadi 1958, ikafunguliwa kama makumbusho mwaka 1960, na mwaka 2011 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Eneo lililoorodheshwa, pamoja na handaki lake, ni hekta 2.36 tu. Usiogope kwamba utachoka kutembea. Kinachochosha pale ni jua.

Kabla hujaingia, simama mlangoni uinue macho. Juu ya mlango kuna jiwe la maandishi ya Kireno la mwaka 1635, na wageni wengi hulipita kwa sababu wakati huo wameinamia simu wakilipia. Kapteni wa ngome, Francisco de Seixas e Cabreira, aliandikisha hapo sifa zake za kuitiisha Pwani. Sababu ya majigambo hayo ni mambo ya Agosti 1631. Yusuf bin Hassan, mwana wa ukoo uliotawala Mombasa, ambaye Wareno walimlea Goa, makao yao makuu huko India, na kumbatiza jina la Dom Jerónimo Chingulia, aliingia ngomeni, akamuua kapteni na kuishika ngome yote. Wareno walirudi mwaka uliofuata, na jiwe ni jibu lao. Mtoto akielezwa hili akiwa amesimama chini ya jiwe lenyewe, mambo mengine ndani yanamwingia kwa wepesi.

Ukishaingia, usikimbilie chumba cha vioo. Panda kwanza kwenye buruji, yaani zile sehemu za ukuta zinazochomoza pembeni, maana ziko nne na ndizo zinazoipa ngome umbo la mtu aliyelala ukiitazama kutoka juu. Ukiwa kwenye ukuta wa upande wa bahari, tazama jinsi kila buruji inavyolinda ubavu wa mwenzake: hakuna mahali chini ya ukuta ambapo adui angeweza kujificha asionekane kutoka pembe nyingine. Hiyo ndiyo hesabu ya Cairati, na huioni ukiwa uani. Kisha shuka utafute njia ya matao, iliyochongwa kupenya mwamba wa matumbawe kuelekea upande wa majini. Pita humo polepole, maana kuna giza kidogo na sakafu haiko sawa, ukipapasa ukuta uone jinsi mwamba wa asili na mawe ya kujengwa yanavyokutana.

Kuzingirwa kwa ngome na Waomani, kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, ndiyo habari kubwa ya pale, na waongozaji wengi huieleza kama vita vya Waarabu na Wareno peke yao. Muulize mwongozaji wako habari za Faza, mji wa kisiwani Pate. Mwaka 1697 maradhi yalipowamaliza askari wa Kireno, ngome ilishikiliwa kwa muda na Waswahili wa Faza chini ya Bwana Daud. Waliozingirwa walikuwa wakitegemea meli za kuwaletea watu na chakula kutoka Goa, na mojawapo, Santo António de Tanná, ilizama mwaka huo huo chini ya kuta. Kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi wa akiolojia walizichimba sehemu za meli hiyo, na vitu vilivyopandishwa vimo ndani ya makumbusho. Vitazame ukitoka ukutani, ukiwa umeshaliona eneo la maji ilipozama. Ukianza na kabati, utaona chupa na mabaki ya chuma tu.

Katika chumba hicho hicho cha maonyesho kuna vyungu, kauri za China na vigae kutoka miji ya kale ya Pwani, yaani Gede, Manda na Ungwana, na kutoka ngomeni kwenyewe. Hapa ndipo watu huchoka mapema. Njia rahisi ya kutochoka ni kufuata kitu kimoja: tafuta kauri za China peke yake, soma kila moja ilipatikana wapi, na utaona biashara ya baharini inavyoenea kutoka mji mmoja hadi mwingine karne nyingi kabla Mreno hajaja.

Mambo mawili hayafai kukosekana kabla ya kutoka. La kwanza ni michoro ya ukutani iliyofanywa na askari na mabaharia wa Kireno: meli, watu, samaki, kwa makaa na udongo mwekundu, imechorwa juu ya lipu kwa mkono wa mtu asiyekuwa fundi. Hakuna kitu kingine mle ndani kinachokukutanisha hivyo na askari wa kawaida aliyekaa pale akiukodolea macho mlango wa bahari. La pili ni Nyumba ya Waomani, juu ya buruji ya San Felipe, yenye mavazi, mapambo na vyombo, pamoja na mandhari ya Mji wa Kale upande mmoja na bahari upande wa pili.

Saa mbili zinatosha ukienda haraka. Saa tatu ndizo sawasawa.

Utakachokiona Nairobi

Makumbusho ya Nairobi yalianza 1910 kwa juhudi za chama cha wapenda elimu ya viumbe, na asili hiyo haijafutika hadi leo: sayansi ndiyo yenye nguvu pale. Jengo la Museum Hill lilifunguliwa Septemba 1930 kwa jina la gavana Coryndon, likabadilishwa jina baada ya uhuru, kisha likafungwa 2005 kwa ukarabati mkubwa uliozipa kumbi sura ya sasa.

Ukifika, ndovu Ahmed anakungoja uani, sanamu ya ukubwa wake halisi. Ahmed alikuwa ndovu wa Marsabit mwenye pembe ndefu kiasi kwamba mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri ya kumlinda asiwindwe, akawekewa walinzi mpaka alipokufa 1974. Kila pembe ilikuwa na uzito wa kilo 67 hivi, yaani zaidi ya gunia la kilo 50 la saruji. Ndani, katika ukumbi wa wanyama, kuna mifupa yake. Mpeleke mtoto kwenye sanamu kwanza, halafu kwenye mifupa, na umwambie aonyeshe kila mfupa ulikuwa wapi mwilini. Zoezi hilo la dakika kumi hufundisha zaidi ya kuusoma ukumbi mzima.

Ukumbi wa ndege una karibu spishi 900 za Afrika Mashariki, na ndipo familia nyingi hupoteza nguvu. Kabati ni nyingi, ndege wamepangwa kwa jamii zao, na mtu asiye na lengo hutoka akikumbuka rangi tu. Mwandikie mtoto majina ya ndege watano wa nyumbani kabla ya safari: mdiria, kunguru, mwewe, korongo, chiriku. Awatafute hao, na kila akimpata mmoja atazame jirani zake kabatini, maana hao ndio jamaa wa ndege anayemjua.

Ukumbi wa asili ya binadamu ndio unaoifanya safari ya kilomita karibu mia tano iwe na maana. Hapo anaelezwa Kijana wa Turkana, ambaye mabaki yake yaligunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984 karibu na mto Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Meno yake yanaonyesha alikuwa bado mtoto, lakini kimo kilikwisha kufika kama mita 1.6. Kuna pia habari za fuvu maarufu lenye nambari 1470, lililoonekana na Bernard Ngeneo mwaka 1972 mashariki mwa ziwa hilo hilo. Majina haya mawili ya Wakenya yatajeni kwa sauti mbele ya watoto, kwa sababu vitabu vingi humtaja Richard Leakey, aliyeongoza utafiti huo, na kuishia hapo. Ukumbi huu usiuweke mwisho. Watu huuacha wamalize wanyama na ndege kwanza, na wakifika hapa watoto wameshaketi sakafuni wakiuliza chakula. Uwe wa pili, mara tu baada ya Ahmed.

Juu ghorofani kuna historia ya Kenya na ukumbi wa utamaduni unaofuata maisha ya mtu tangu kuzaliwa, jando na unyago, ndoa, uzee hadi kifo, kwa vitu vya jamii mbalimbali za nchi. Kwa mtu wa Pwani hapa pana faida ambayo Fort Jesus haiwezi kutoa: anaona desturi zake zikiwa bega kwa bega na za Waturkana, Wakikuyu na Waluo. Historia ya Pwani ipo, lakini kwa ufupi. Tenga dakika chache pia kwa picha za rangi alizochora Joy Adamson za watu wa jamii za Kenya wakiwa katika mavazi yao. Nyingi zinaonyesha mapambo ambayo huyakuti tena yakivaliwa.

Jirani kabisa, ndani ya uwanja huo huo, kuna bustani ya nyoka iliyofunguliwa 1961, yenye nyoka wa aina nyingi, kobe na mamba walio hai. Ina malipo yake, na huuzwa pia tiketi ya pamoja ya makumbusho na nyoka. Ukienda na watoto chukua ya pamoja tangu mwanzo, kwani wakishaliona bango hamtatoka bila kuingia, na kulipa mara ya pili ni kupanga foleni mara ya pili.

Kumbi zote bila nyoka zinahitaji saa tatu hadi nne. Ongeza saa moja ya nyoka na nusu saa ya bustani ya mimea.

Safari na pesa

Kwenda Fort Jesus hakuna hesabu ya kuumiza kichwa. Matatu za Nyali, Bamburi na Mtwapa hukushusha Posta. Anayetoka Likoni huvuka feri akachukua matatu ya mjini. Kutoka Posta ni tuktuk fupi, au unatembea kuifuata Nkrumah Road kupita Treasury Square hadi uione ngome mbele yako. Anayekuja na gari lake afike mapema, sehemu ya kuegesha hujaa.

Nairobi ndiyo inayotaka mpango. Treni ya SGR hutoka Miritini na kuishia Syokimau, na tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kutoka mwisho hadi mwisho ni shilingi 1,500, ya daraja la kwanza 4,500. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Kwa familia ya baba, mama na watoto wawili wa umri huo, kwenda na kurudi kwa daraja la kawaida ni 6,000 za wakubwa na 3,000 za watoto, jumla 9,000, kabla ya malazi, chakula na usafiri wa mjini. Kwa fedha hizo, familia hiyo hiyo ingeingia Fort Jesus, ikala mchana Mji wa Kale, ikaenda na Gede wiki inayofuata, na chenji ikabaki.

Tiketi za treni hununuliwa kwa *639# au kwenye tovuti ya shirika la reli. Jina na nambari ya kitambulisho vilivyoandikwa kwenye tiketi lazima viwe vya msafiri mwenyewe. Wakati wa likizo daraja la kawaida hujaa siku nyingi kabla, basi usingojee wiki ya mwisho. Fika Miritini saa nzima kabla treni haijaondoka, kwa sababu mizigo hukaguliwa mara zaidi ya moja na lango hufungwa bila kungoja mtu.

Kuna treni ya asubuhi saa mbili, ya mchana saa tisa, na ya usiku saa nne. Ya asubuhi husimama vituo vya njiani kama Voi, Mtito Andei na Emali, huchukua kama saa sita, kwa hiyo ukifika Nairobi na kuingia mjini siku imekwisha, kwani makumbusho hufungwa saa kumi na moja na nusu jioni. Mpango wa siku moja unaowezekana ni huu: panda ya saa nne usiku, ufike Syokimau kabla ya alfajiri, ungojee kituoni mpaka kupambazuke, uingie mjini, uwe mlangoni mwa makumbusho saa mbili na nusu wanapofungua, utoke saa sita mchana, urudi Syokimau kupanda ya saa tisa. Kijana wa sekondari ataumudu. Mtoto wa miaka saba atalala mbele ya ndovu, na wewe utambeba. Kwa watoto wadogo lala Nairobi usiku mmoja, au usiende. Thibitisha ratiba siku unayonunua tiketi.

Kutoka Syokimau hadi katikati ya mji kuna treni ya abiria inayopangwa kuwapokea wa SGR, na ni bora kuliko matatu kwa sababu haikwami kwenye msongamano. Kutoka mjini, matatu za Westlands na Kangemi hupita Museum Hill. Mwambie kondakta mapema, kwa kuwa gari likishapita mzunguko utarudi kwa miguu.

Malipo ya kuingia pande zote mbili hayafanywi kwa pesa mkononi. Hulipwa kwa simu kupitia eCitizen, na viwango vya raia wa Kenya, vya wananchi wa Afrika Mashariki na vya wageni wengine ni tofauti. Wakubwa wachukue vitambulisho. Kinachokwamisha watu langoni mara nyingi ni vitu vidogo: simu haina chaji, salio halitoshi, au mtu amechagua kundi lisilo lake, kwa mfano amelipia watoto kama watu wazima. Lipia nyumbani usiku uliotangulia, hifadhi ujumbe wa malipo, na kundi lote liwe chini ya simu moja.

Yanayoharibu ziara

Fort Jesus adui ni saa. Uani hakuna kivuli cha maana, na mawe ya matumbawe yanarudisha joto usoni. Kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa tisa mtu hatazami kitu, anatafuta upenu. Ingia wanapofungua asubuhi, au saa tisa na nusu alasiri wakati jua linapoelekea nyuma ya mji. Masika, Aprili na Mei, ngazi na mapito ya juu ya ukuta huteleza, kwa hiyo kandambili ziache nyumbani. Pembeni mwa kuta kuna sehemu ambapo kizuizi ni kifupi, na mtoto mdogo ashikwe mkono muda wote akiwa juu. Msimu wa meli za watalii, vikundi vikubwa huingia pamoja asubuhi. Ukiona mabasi yamepanga nje, anza na njia ya matao na buruji za mbali, vyumba vya ndani uviache mpaka wapite.

Habari ya waongozaji inataka uangalifu. Nje ya lango utakutana na wanaojitolea kukuzungusha, wengine hodari kweli, wengine wanakariri tu. Omba kitambulisho cha uongozaji, patana bei kamili kwa kundi lote kabla ya hatua ya kwanza, na ueleze kama bei hiyo ni ya ngome tu au ni pamoja na Mji wa Kale. Ugomvi mwingi mlangoni hutokana na hilo la mwisho.

Nairobi adui ni baridi na njaa. Anayetoka Mombasa mwezi wa saba na fulana tu atatetemeka tangu Syokimau. Sweta si mzigo. Chakula cha makumbushoni kipo lakini kwa kundi kubwa ni ghali, basi beba chenu mkale nje kwenye nyasi, si kumbini.

Njia ya tatu, kwa asiyeweza Nairobi

Watu wengi wanaosema wanataka Nairobi, ukiwauliza vizuri, wanachotaka ni mtoto aone historia na viumbe kwa safari moja. Hilo linapatikana Pwani. Gede iko kilomita mia na kidogo kaskazini mwa Mombasa: matatu za Malindi hukushusha njiapanda, unatembea kama kilomita moja. Ni mji wa Waswahili wa kale ulioachwa mapema karne ya 17, wenye msikiti mkuu, jumba la mtawala, visima, na kaburi lenye tarehe ya Hijria inayolingana na 1399. UNESCO iliuorodhesha mwaka 2024. Kauri za Gede utakazokuwa umeziona kabatini Fort Jesus zilitoka kwenye nyumba hizi, na ndiyo sababu Gede hufaa ije baada ya ngome. Msitu umeota katikati ya kuta, kima wanazunguka, na palepale langoni kuna mradi wa Kipepeo ulioanza 1993, ambapo wanavijiji hufuga vipepeo kutoka msitu wa Arabuko Sokoke. Mtoto anaona kiwavi, kifukofuko na kipepeo siku moja. Usilishe kima wala usibebe mfuko wa plastiki wenye ndizi, watakunyang'anya.

Kwa wanyama wakubwa, Haller Park ya Bamburi ina twiga, viboko, mamba na kobe wakubwa juu ya ardhi iliyokuwa machimbo ya mawe, na miti ilianza kupandwa mwaka 1971. Kama somo la jinsi ardhi iliyokufa inavyofufuliwa, halina mfano Nairobi. Asili ya binadamu ndiyo peke yake isiyokuwa na mbadala huku.

Nani aende wapi

Watoto wa chini ya miaka tisa: Fort Jesus asubuhi moja, Haller Park siku nyingine, na Nairobi ingoje. Wanafunzi wa madarasa ya juu ya msingi na wa sekondari ya chini wanaosoma historia: Fort Jesus kisha Gede, kwa mpangilio huo. Wa sekondari wanaosoma baiolojia au historia ya mwanzo wa binadamu: Nairobi, na mtu asiwadanganye kwamba kuna njia ya mkato. Mgeni kutoka nje mwenye siku moja Mombasa asihangaike na swali hili, aende ngomeni. Mzee mwenye magoti mabovu atastarehe zaidi Nairobi kuliko kwenye ngazi za ngome, ila kama lengo lake ni kuiona ngome yenyewe, apelekwe ngomeni alasiri, akae uani, na vijana wapande ukutani.

Msimamo wetu ni kwamba mtoto wa Mombasa asiende Nairobi kabla ya kuingia Fort Jesus. Akishajua kulisoma jiwe la 1635 na kigae cha China, ataingia kumbi za Nairobi akiwa na maswali, na kumbi zile zimejaa majibu kwa mwenye maswali.

Kwa walimu

Sehemu zote mbili zina idara ya elimu inayopokea shule. Andika barua wiki tatu hivi kabla, ukitaja tarehe, saa ya kufika, idadi ya wanafunzi wavulana na wasichana, darasa, idadi ya walimu, na mada mnayosoma. Mada ndiyo inayosahaulika, na bila hiyo mtapewa mzunguko wa jumla. Gawa wanafunzi katika vikundi vya kumi na tano hadi ishirini, kila kimoja na mwalimu wake, kwa sababu njia ya matao haibebi zaidi na sauti ya mwongozaji haifiki nyuma. Kila kikundi kianzie mahali tofauti: kimoja ukutani, kimoja kwenye michoro, kimoja Nyumba ya Waomani. Wape karatasi yenye maswali matano tu, yasiyojibika kwa kunakili kibao: meli inaingiaje bandarini bila kuonekana kutoka buruji hii? Kauri hii ilipita wapi mpaka ikafika Gede? Kalamu za risasi, si za wino, zisije zikachafua lipu. Na mwalimu mmoja asalie langoni na ujumbe wa malipo mpaka mwanafunzi wa mwisho awe ameingia.